Jiwe Lililopikwa Mbali

Kila siku baada ya swala ya magharibi, Hajra na baba yake walikaa mkekani na kufungua daftari moja. Baba yake, Jumbe, alikuwa fundi wa ujenzi pale Mlandizi, Kibaha. Aliishia darasa la saba miaka ishirini na saba iliyopita, na sasa, mvi za kwanza zikiwa zimeshamtoka kidevuni, alikuwa akisoma masomo ya jioni ili afanye mtihani wa kidato cha nne. Wanafunzi wenzake walikuwa na umri wa watoto wa dada yake. Hilo halikumsumbua. Kabla ya kusoma aliinua viganja, akamwomba Mola amzidishie elimu na amwondolee aibu ya kuuliza, na Hajra akaitikia amina.

Hajra alikuwa na miaka kumi na miwili, darasa la sita. Kazi yake ilikuwa kushika daftari na kumsikiliza baba akikariri. Hivyo yale aliyofundishwa baba jioni, binti naye aliyapata kabla ya isha.

Mwezi wa Mei walifika kwenye miamba geu, yaani miamba iliyobadilika kwa joto na mgandamizo mkubwa chini ya ardhi. Baba alisimulia kwamba mwalimu wao aliwaletea boksi la mawe, akawaambia jiwe halina mdomo wa kueleza limepikwa kiasi gani, lakini ndani yake mna madini yanayotoa ushahidi. Udongo mfinyanzi ukifukiwa chini sana na kupata joto kidogo, humea madini ya kijani yaitwayo kloraiti. Joto likipanda hutokea ulanga mweusi, ule unaometa kama magamba ya samaki. Likipanda zaidi hutokea ganeti nyekundu, na mbele yake kainaiti ya buluu. Kwa hiyo ukiona ganeti, unajua jiwe hilo limeshapita hatua ya kijani na hatua ya ulanga.

Hajra aliandika majina hayo lakini hayakumkaa. Baba akafikiri, kisha akamweleza kwa kazi yake mwenyewe. Akamkumbusha tanuru la matofali ya kuchoma. Yale ya pembeni hutoka yamepauka, ya katikati hutoka mekundu, na yaliyokaa karibu na mdomo wa moto hutoka meusi, yanang'aa.

"Nikiokota tofali popote," alisema, "rangi yake inaniambia lilikaa wapi tanuruni. Na matofali yaliyokaa bega kwa bega hutoka yamefanana. Ndivyo na mawe."

Tangu siku hiyo Hajra hakusahau tena. Wiki mbili baadaye baba alirudi kazini na jiwe la ukubwa wa ngumi. Alilichagua kwenye tripu ya mawe ya msingi iliyoletwa na lori kutoka bara. Lilikuwa la kijivu, limejaa ulanga unaometa, na katikati ya ulanga zilikaa punje nyekundu kama kunde. Hajra alizihesabu, zikawa kumi na tisa. Baba akampa liwe lake.

Shule zilipofungwa mwezi wa Juni, Hajra alipelekwa kwa bibi yake, mama yake mama, Kisarawe. Bibi Mwanaamina aliishi kijijini pamoja na mwanawe Khalfani na familia yake. Shamba lake lilianza nyuma ya jiko. Kulikuwa na muhogo, mananasi kidogo, na mikorosho minane iliyopandwa na marehemu babu. Mikorosho hiyo ndiyo iliyokuwa mali ya Bibi. Kila msimu wa korosho alipata chake bila kumnyooshea mtu mkono.

Yasmin, binti wa Mjomba Khalfani, alikuwa na miaka kumi na mitatu, na mdomo wake haukupumzika. Kwa kuwa walikuwa mabinamu, alijiona ana haki ya kumtania Hajra kuanzia asubuhi mpaka kulala. Siku ya kwanza alicheka jinsi Hajra alivyoshika jembe. Siku ya pili aliita wenzake waje kumwona mtoto wa Mlandizi akimwaga nusu ya maji njiani. Hajra alicheka nao, lakini moyoni alichoka.

Siku ya tatu alikwenda kukaa peke yake chini ya mkorosho wa mwisho, akatoa jiwe lake mfukoni na kulisugua kwa upindo wa kanga. Yasmin akatokea na watoto watano nyuma yake.

"Jamani, njooni muone. Kokoto linaogeshwa," alisema. "Wenzio wakija likizo wanaleta mikate, wewe umetuletea zege?"

Watoto wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Damu ikampanda Hajra usoni. Jibu la kweli lilikuwa fupi, kwamba jiwe alipewa na baba yake, lakini aliona jibu hilo lingewachekesha zaidi.

"Si kokoto," alisema. "Ni jiwe la madini. Na sikuja nalo. Nimelichimbua hapa hapa, chini ya mkorosho huu."

Kicheko kikakatika. Yasmin akalichukua jiwe, akaligeuza, akazitazama kwa karibu zile punje nyekundu. Hajra akaona raha ambayo hakuwa ameionja tangu afike.

Raha hiyo haikumaliza saa moja. Jirani yao, Mzee Silvanus, alikuja kuazima panga akawakuta watoto wamezunguka jiwe. Silvanus alikuwa mtu wa kuja. Kabla ya kuhamia Kisarawe alichimba vito Tunduru kwa miaka sita. Alilitemea jiwe mate, akalifuta na kulielekeza kwenye jua.

"Hii ni ganeti," alisema taratibu. "Nani kaitoa, na wapi?"

Hapo Hajra angeweza kusema kweli. Alitazama nyuso saba zilizokuwa zikimsubiri yeye, na ulimi ukamponza mara ya pili. Akaonyesha ardhi kwa kidole.

Jioni habari ilimfikia Mjomba Khalfani. Alikuwa mtu mwema, mwenye haraka. Asubuhi iliyofuata alikuwa ameshapima mashimo mawili kwa hatua. Bibi Mwanaamina hakupenda shamba lake lifukuliwe. Alisimama mlangoni na kanga yake mabegani, akamwita Hajra mbele ya wote na kumuuliza kama kweli jiwe alilipata pale. Hajra aliinamisha kichwa, akaitikia ndiyo.

"Basi chimbeni," Bibi akamwambia mwanawe. "Angesema mwingine nisingekubali. Huyu mtoto wa Jumbe hajapata kunidanganya."

Walichimba siku mbili. Shimo la kwanza lilipita kimo cha mtu. Hakikuonekana kitu ila udongo na mizizi, na mizizi ikawa kikwazo. Siku ya tatu Khalfani aliazima msumeno, akaukata ule mkorosho wa mwisho. Mti ulianguka na maua yake machanga. Bibi hakwenda kuangalia. Alikaa jikoni akipeta mchele uliokwisha kupetwa, na Hajra, aliyekuwa karibu naye, alimsikia akitaja jina la marehemu babu kwa sauti ndogo.

Usiku ule mjomba alisema kesho baada ya chai wangekata miwili mingine.

Alfajiri Hajra aliswali nyuma ya bibi yake. Kila alipoinama aliuona akilini mti ulioanguka. Baada ya kutoa salamu alibaki amekaa, akamwomba Mungu kitu kimoja, ujasiri wa kufungua mdomo kabla msumeno haujaamka. Kisha akaomba simu ya Bibi, akatoka uani na kumpigia baba yake. Alimweleza yote bila kuficha hata sehemu iliyomwonyesha vibaya.

Baba alisikiliza mpaka mwisho. Kisha alimuuliza miti mingapi imekatwa. Hajra akajibu mmoja.

"Mimi nitafika mchana nikishaaga kazini," baba alisema. "Lakini msumeno hautanisubiri. Nenda ukaseme sasa hivi."

"Wasiponiamini je?"

"Wana haki ya kutokuamini. Umewafundisha wewe. Wasipokuamini wewe, waonyeshe shimo. Ulishika daftari langu mwezi mzima, mwanangu. Lisome shimo."

Mjomba Khalfani na Mzee Silvanus walikuwa wameshakaa kwenye gogo la mkorosho wakinywa chai. Yasmin alikuwa akiwamiminia. Hajra aliwaamkia wote, shikamoo zikaitikiwa, kisha akasema palepale amesimama. Jiwe hakulitoa shambani. Alikuja nalo kutoka Mlandizi. Alidanganya kwa sababu alichekwa.

Mjomba aliweka kikombe chini. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililomuuma Hajra zaidi.

"Juzi jiwe la hapa. Leo jiwe la Mlandizi. Sasa mimi nishike lipi?" Akatazama upande wa jiko. "Bibi yako kalia usiku kucha, wewe ukamhurumia. Naelewa. Ila kwa huruma hatuwezi kuacha riziki ardhini."

Akainuka na kuchukua msumeno. Hajra alikimbia akasimama kati yake na mkorosho wa pili, mgongo umegusa gome. Hakusogea.

"Mjomba, naomba muda wa chai hii tu," alisema. "Usiniamini mimi. Shuka shimoni uangalie, halafu ukate ukitaka."

Silvanus akacheka kidogo, akasema mtoto ana haki ya kusikilizwa, chai yenyewe bado ya moto. Khalfani akashusha msumeno.

Hajra alishuka kwa ngazi ya miti hadi chini kabisa. Juu kulikuwa na udongo mwekundu. Chini yake mchanga wa njano, na chini ya mchanga tabaka la udongo mweupe laini, ule wanaoujua watu wote wa Kisarawe. Alichota madonge mawili ya udongo mweupe akapanda nayo. Akamwomba Yasmin bakuli la maji na kigae cha chungu kilichovunjika. Yasmin aliondoka mbio bila kutania.

Hajra alitumbukiza donge moja la udongo na kigae majini pamoja. Wakasubiri. Udongo ukaanza kumeguka, ukalegea, maji yakawa meupe kama tui. Kigae kilikaa vilevile. Donge la pili alililowesha akalifinyanga mbele yao likawa kikombe kidogo.

"Huu ni mbichi," alisema. "Kigae nacho kilikuwa udongo, ila kimepita motoni, hakirudi tena kuwa matope. Na jiwe hili limepikwa kuliko kigae." Akawaonyesha ulanga unaometa na punje nyekundu, akawaeleza utaratibu ule wa daftarini: kwanza kijani, kisha ulanga mweusi, kisha ganeti. "Ganeti ni ushahidi kwamba joto lilikuwa kubwa sana. Sasa Mjomba, kama jiwe hili lilipikwa kwenye shimo hili, udongo uliolala nalo ubavu kwa ubavu ungebaki mbichi? Ulanga wake uko wapi? Jiwe la kijani liko wapi? Nimetazama kutoka juu mpaka chini. Hakuna hata kimoja kilichopikwa."

Khalfani alikichukua kile kikombe cha udongo, akakibonyeza kwa kidole gumba. Kikabonyea.

Mzee Silvanus alikunja uso. Alisema Tunduru walizipata ganeti kwenye mchanga mtupu wa mtoni, wala hapakuwa na mwamba uliopikwa karibu. Hilo halikuwa kwenye daftari. Hajra alijua akibuni jibu atakuwa amerudi kulekule alikotoka.

"Hilo sijalisoma, Mzee," alisema. "Lakini naomba kukuuliza. Za Tunduru zilikuwa na umbo gani?"

"Zimelainika. Maji yalizikokota mbali, kona zote zimeisha, na..." Silvanus akamgeukia Hajra. Alinyoosha mkono akapewa jiwe. Akapitisha kidole kwenye kingo zake kali, polepole, upande hadi upande. Kisha akalirudisha.

"Khalfani," alisema, "mtoto anasema kweli. Jiwe la mto haliwi na makali haya. Hili limepasuliwa kwa nyundo juzi juzi, na ganeti zake bado zimekaa ndani ya mwamba uliozizaa. Mto haukulileta. Nami nilipaswa kuliona hilo siku ile. Niliona wekundu nikapofuka."

"Labda chini zaidi," alisema Khalfani, lakini sauti yake ilikuwa imeshapungua nguvu.

"Chini kabisa sijui kuna nini, Mjomba," Hajra akajibu. "Ninachojua ni kwamba jiwe hili halikutoka hapa. Nililibeba mimi."

Khalfani alikaa juu ya gogo. Alishika kichwa kwa mikono miwili, akalitazama lile tawi lenye maua lililokuwa limeanza kunyauka. Kisha akamwita Yasmin, akampa msumeno aurudishe kwa mwenyewe.

Baba alifika adhuhuri, shati lake bado lina vumbi la saruji. Alimwamkia Bibi Mwanaamina kwa kuinama, akamwomba radhi kama mkwe kabla hajaonyeshwa mahali pa kukaa. Bibi alisema radhi iombwe na aliyekosa. Hajra akapiga magoti mbele yake. Alikuwa amepanga maneno mengi lakini yalitoka machache. Alisema alimfanya bibi atoe ruhusa kwa jina la uaminifu ambao yeye alikuwa ameshauvunja.

Bibi Mwanaamina alimwekea mkono kichwani.

"Nimekusamehe, na Mungu ni mwingi wa kusamehe," alisema. "Ila mkorosho hauinuki. Hilo nataka ulijue, nisikufiche kwa sababu nakupenda."

Yasmin alikuwa amesimama mlangoni, akitazama vidole vyake vya miguu. Alisema yeye ndiye aliyeanza, na hakudhani maneno ya utani yangefika kwenye msumeno. Bibi akamjibu kuwa utani ni halali ya mabinamu, lakini mtaniaji mzuri hutazama uso wa mwenzake akajua pa kuachia.

Baada ya swala, Baba alikwenda na Hajra hadi ukingoni mwa shimo. Alitazama matabaka kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma barua. Akatikisa kichwa kuridhika. Kisha akamgeukia binti yake.

"Umelisoma vizuri," alisema. "Hata mimi nisingekumbuka bakuli la maji. Lakini sikiliza. Mwalimu wetu wa jioni kila tukimpelekea jiwe huuliza maswali mawili, ni jiwe gani, na limetoka wapi. Ukikosea la kwanza anakusahihisha. Ukidanganya la pili analitupa jiwe, kwa sababu halina kazi tena kwa mtu yeyote. Wewe la kwanza ulilijibu sawasawa, hata Silvanus akakiri. Ndiyo maana uongo wako uliaminika. Ujuzi wako ndio uliouvisha nguo uongo wako. Mtu asiyejua kitu akidanganya, hasara yake ndogo. Mtu anayejua akidanganya, watu wanachukua msumeno."

Machozi yalimdondoka Hajra, akayaacha.

"Na leo asubuhi," baba akaendelea, "Silvanus alipokuuliza usilolijua, ulisema hujui. Nimeambiwa. Hapo ndipo nilipomshukuru Mungu. Elimu inaanzia hapo, kwangu mimi na mvi zangu, na kwako pia. Sema unachokijua, sema ulikokipata, na pasipo ujuzi sema sijui. Ukishika hayo matatu, siku nyingine hutahitaji kushuka shimoni ili uaminiwe."

Akavua shati, akalitundika kwenye tawi la mkorosho wa pili, akashika koleo. Khalfani alikuja na koleo lake, Yasmin na karai. Hajra alichukua jembe. Shimo lilikuwa kubwa kuliko lilivyoonekana kutoka juu, na likizo ilikuwa imebaki siku kumi na moja. Alipiga jembe kwenye lundo la udongo, akavuta, akapiga tena. Bibi alitoka jikoni na kigoda chake, akaketi pale alipoweza kuiona mikorosho yake saba, akawaambia waanze na udongo mweupe kwanza, kila kitu kirudi mahali pake.